Somo: Mgonjwa wa Saratani Anaporudi Nyumbani na Mrija

Mgonjwa anaweza kuruhusiwa kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa na mrija kifuani. Ncha yake hukaa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Vijidudu vikiingia, huenda moja kwa moja kwenye damu.

Kabla ya safari ya Newala, ndugu atakayemtunza aoneshe mbele ya muuguzi jinsi anavyonawa kwa sabuni na kukinga bandeji isilowe.

Uwandani kwetu maji hayana uhakika. Kamati ya usharika imtengee ndoo yenye koki, sabuni na kipimajoto. Wafadhili, tunaomba nauli ya dharura iwekwe mapema: joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka, aende hospitali siku hiyohiyo. Tutamwombea njiani.