Benki Husoma Karatasi, Haifungui Masanduku

Tuseme mtu wa Rukwa anataka kukuuzia mbuzi, na wewe uko Lindi. Hamjuani. Yeye anasema, "Lete pesa kwanza." Wewe unasema, "Lete mbuzi kwanza." Biashara imekwama hapo hapo.

Wafanyabiashara wa nchi mbalimbali wana shida hiyo hiyo. Kwa hiyo hutumia benki. Mnunuzi huenda kwenye benki yake, na benki humwandikia muuzaji barua ya ahadi: ukileta hati za kuonyesha kwamba umepakia mali melini, tutakulipa. Hati hizo ni kama ankara, yaani karatasi ya bei, na hati ya meli. Zikilingana na barua, benki hulipa. Watu wa benki hawaendi bandarini kufungua masanduku.

Je, karatasi zikisema uongo?

Mwaka 1941 kesi ya namna hiyo ilifika mahakamani New York, Marekani. Mfanyabiashara mmoja alipatana na muuzaji wa Lucknow, India, amletee nywele ngumu za kutengenezea brashi. Benki iliandika barua. Muuzaji akapakia masanduku 50 melini, na hati zote zikasema ndani mna nywele za brashi. Kumbe, alidai mnunuzi, mlikuwa na manyoya ya ng'ombe na takataka! Akakimbilia mahakamani benki izuiwe kabla haijalipa.

Benki nyingine, iliyokuwa ikimkusanyia muuzaji fedha zake, ilitaka shauri litupwe. Ilisema hati ziko sawa. Jaji Shientag alikubali kwamba kwa kawaida benki haiingii katika ugomvi wa ubora wa mali. Mali ikiwa hafifu, benki hulipa, kisha mnunuzi humshitaki muuzaji. Lakini takataka zilizopakiwa makusudi si mali hafifu. Ikiwa maneno ya mnunuzi ni kweli, na benki imeambiwa kabla ya kulipa, muuzaji mdanganyifu asikingwe na karatasi zake. Jaji alikataa kulitupa shauri. Mpaka leo mawakili huitaja kesi hiyo.

Lakini usifikiri kuizuia benki ni kazi rahisi. Kampuni moja ya Uingereza ilipatana na wanunuzi wa Libya kuwajengea vibanda vya kuoteshea mimea. Iliweka dhamana ya benki, asilimia 10 ya bei. Dhamana ilisema italipwa ikidaiwa tu, bila ushahidi wala masharti. Wanunuzi hawakuleta barua ya benki kama walivyopatana, kampuni ikakataa kuendelea na kazi. Hata hivyo wakaidai dhamana! Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, akiwemo Lord Denning, ilisema benki ilipe, kwa sababu udanganyifu haukuthibitika wazi. Mimi naona kampuni ilionewa. Lakini maneno "bila ushahidi" ilikuwa imeyakubali yenyewe.

Zungumzeni katika kikundi chenu: Kwa nini mnunuzi wa New York alisikilizwa, na kampuni ya Uingereza ikashindwa? Kama ungekuwa wewe mnunuzi wa nywele za brashi, ungedai hati gani nyingine, na nani aifungue sanduku kabla meli haijaondoka?