Jina Lako Halimo Kwenye Orodha ya Waliopanda

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Katesh, pole sana. Mliajiriwa pamoja, mkaripoti pamoja halmashauri, mkapangiwa shule jirani chini ya Mlima Hanang. Leo mwenzako ana barua ya daraja jipya, wewe huna, na unaniuliza kama uache ualimu urudi kwa mama Mbulu ukalime vitunguu saumu. Najua kinachouma si hela peke yake. Ni kuingia ofisi ya walimu asubuhi ukaona mazungumzo yanakatika. Ila hilo la kuacha kazi tuliweke pembeni kwanza, tutalifikia.

Niambie kwanza: ulichokosa ni daraja au ni uteuzi? Wengi mnavichanganya, halafu mnapigana vita isiyo yenu. Daraja lina utaratibu wake: muda uliokaa, utendaji, ikama na bajeti ya mwaka husika. Ukuu wa shule, uafisa elimu kata, ukuu wa idara ni madaraka. Anayeteua anachagua, na hakuna anayepewa shule kwa kuhesabu miaka tu. Daraja lililofikia wakati wake unaweza kulifuatilia kwa maandishi hadi upate jibu. Uteuzi unaulizia, unajipanga, unasubiri nafasi nyingine.

Kwa ulivyoniandikia, wewe umekosa daraja, na mimi naamini mara nyingi shida huanzia kwenye karatasi kabla haijafika kwenye chuki ya mtu. Jina lako liko kwenye tange, ile orodha ya watumishi kwa ukuu kazini, na tarehe ya ajira imeandikwa sawasawa? Barua yako ya kuthibitishwa kazini imo kwenye jalada, au ilibaki kwenye droo ya mkuu wa shule uliyeanza naye? Wenzako wa Mbulu wana mtego mwingine, maana halmashauri ziko mbili, ya Mji na ya Wilaya. Mtu amehama, anafundisha Dongobesh mwaka wa pili, jalada bado liko mjini. Halafu kuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya OPRAS. Kama hukuweka majukumu yako mle ndani, au uliyaweka msimamizi wako hakuyapitisha, mfumo hauna alama zako hata kama ulifundisha hadi Jumamosi. Usiniambie mtandao unasumbua. Siku ukishuka Katesh, jaza, kisha mkumbushe msimamizi siku hiyohiyo.

Na usilinganishe miaka bila kujua historia. Juni 2016 serikali ilisimamisha upandishaji wa madaraja kupisha uhakiki wa watumishi hewa, kisha ukaja uhakiki wa vyeti. Walioajiriwa miaka ya kabla ya hapo walikwama mahali pamoja kwa muda mrefu, ndiyo maana baadaye tukasikia madaraja ya mserereko, ya kuwafikisha pale walipostahili kuwa. Huenda mwenzako kapanda kwa mserereko huo na wewe pia ulistahili, ila hakuna aliyeleta jina lako.

Sasa andika barua. Ukurasa mmoja unatosha. Iende kwa mkurugenzi mtendaji, kupitia kwa mkuu wa shule, usimruke. Weka cheki namba, tarehe ya ajira, tarehe ya kuthibitishwa, daraja ulilonalo na tangu lini, kisha uulize kwa nini hukupandishwa. Usimtaje mwenzako hata kidogo. Ukimtaja, barua inageuka kuwa ya wivu na yeye anakuwa adui bure. Ambatisha nakala za barua zako zote. Peleka nakala mbili masijala, moja waipokee, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Wasichana wengi wa kwetu mnaogopa kuomba muhuri, mnaona kama mnamshtaki mtu. Omba. Mwaka ujao akija ofisa mwingine, muhuri huo ndio utakaokusemea.

Wakikaa kimya, wewe mwalimu una ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Muuguzi na afisa kilimo wana Tume ya Utumishi wa Umma. Na chama cha wafanyakazi kinachokukata ada kila mwezi, kiwe CWT, TUGHE au TALGWU, kina mwakilishi. Mpeleke naye akafanye kazi yake. Usimtume mzee wa ukoo kwa mkurugenzi. Nawaheshimu wazee wetu, lakini ombi la mdomo haliingii kwenye jalada.

Na wewe mwingine uliyeniandikia kuhusu uteuzi, nenda kamuone anayeteua, kwa miadi, umuulize anatafuta nini. Na jibu kwa ukweli: ulipoambiwa uende Yaeda Chini mwaka juzi ulisema mume hataki. Huenda ulikuwa sahihi kukataa, ndoa ni yako. Ila neno hilo liliandikwa, na wamelichukulia kuwa ndilo jibu lako hadi leo. Kama hali imebadilika nyumbani, sema sasa.

Kuna jambo moja sitalizunguka. Bosi akikuambia cheo kinapatikana ukimtembelea gesti, hilo ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza meseji zake, usizifute kwa aibu. Piga TAKUKURU 113. Aibu ni yake.

Mnaofanya kazi kwa waajiri binafsi, kuanzia mashamba ya ngano ya Basotu hadi maduka ya Haydom, mwajiri hana tange, ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumnyima mtu cheo kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa, kabila au dini. Kama una ushahidi wa hilo, CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakupa siku 60 tu tangu mgogoro ulipotokea. Usikae msimu mzima wa mavuno ukitafakari.

Haya, vitunguu saumu. Mdogo wangu wa Katesh, PSSSF, mfuko wako wa pensheni, inadai michango ya miezi 180 ndipo upate pensheni ya kila mwezi. Hesabu umebakiza mingapi. Hesabu na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, kwa sababu ukiacha kazi deni haliachi kukudai. Ukitaka kulima, lima eka moja na mama wakati una ajira, uone bei inavyoanguka kila mtu akivuna pamoja. Ukitaka kuhama, omba kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, ukijua aliyeomba mwenyewe hujilipia nauli na mizigo. Ukitaka kusoma ubadilishe kada, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla hujalipa ada.

Jumatatu nenda masijala kwanza. Kisha niandikie jalada lako wamelikuta wapi.