Salfa ya Mikorosho: Dawa kwa Maua, Tindikali kwa Udongo

Kijitabu cha mkulima wa korosho, kusini mwa Tanzania

Kwa nini tunapuliza

Alfajiri ya Juni au Julai, umande ukiwa bado majanini, ngurumo za mashine za mgongoni husikika mashambani kote Mtwara na Lindi. Vumbi la njano hupanda hadi kileleni na kunata kwenye maua machanga. Hiyo ndiyo salfa, kinga ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua kwa unga mweupe hadi yanakauka bila kushika korosho.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Bei mbaya na mashamba yaliyoachwa watu walipohamia vijiji vya Ujamaa vilichangia, na ubwiri unga nao ukamalizia. Salfa imesaidia kuyarudisha mavuno hayo. Hatukuambii uiache; tunakueleza inakokwenda baada ya kutoka kwenye maua.

Salfa ikifika chini

Isiyonata mtini huanguka, na iliyonata hushuka baadaye pamoja na majani. Kiangazi chote hulala juu ya udongo mkavu. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, wapo bakteria wa udongo wanaoitumia kama chakula. Wanachokitoa ni asidi ya salfa, tindikali ileile iliyomo kwenye betri ya gari.

Piga hesabu. Mti uliopulizwa robo kilo mara 5 umepata kilo 1 na robo kwa msimu. Kwa misimu 10 ni kilo 12 na nusu. Kilo 1 ya salfa ikigeuka yote kuwa tindikali, huhitaji kama kilo 3 za chokaa kuizima. Hata ukitoa inayopeperushwa na upepo, deni linalobaki ni kubwa. Nayo iliyopeperushwa huangukia shamba la jirani.

Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde una mboji kidogo, kwa hiyo huchachuka upesi.

Uchachu unavyoharibu

- Kipimo cha pH kikishuka kutoka 6 hadi 5, uchachu umeongezeka mara 10.
- Kikiwa chini ya 5.5, alumini iliyofungwa udongoni huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi.
- Fosforasi hushikwa, mmea usiipate hata ukiweka mbolea.
- Kalsiamu na magnesi huoshwa na mvua. Karanga hutoa maganda matupu.
- Bakteria wa vinundu, wanaoipa mikunde naitrojeni ya hewani, hupungua.

Usidanganywe na mihogo inayostawi kati ya mikorosho, kwani mhogo huvumilia uchachu. Tazama mahindi na karanga.

Jipimie shambani

Karanga zikianza kutoa maua, chimba shina moja karibu na mikorosho na jingine mahali pasipopulizwa. Usivute, vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi kwenye ndoo, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hawafanyi kazi. Sababu zinaweza kuwa nyingi, kwa hiyo thibitisha kwa maabara: chota udongo sehemu 10 hivi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya, kisha mpelekee ofisa ugani sampuli moja.

La kufanya

1. Pogolea matawi yaliyosongamana, na kata machipukizi yanayotoka nje ya msimu. Humo ndimo ukungu hujificha ukingoja maua mapya.
2. Kagua maua kabla ya kuwasha mashine. Salfa hukinga kuliko kuponya: ukiwahi mno unaipoteza, ukichelewa maua yamekwisha.
3. Puliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia, kwa kipimo ulichoelekezwa. Unga ukirundikana chini ya mti, umezidisha.
4. Viuatilifu vya maji, mbadala wa salfa, hutumika kwa mililita chache, lakini navyo vimeundwa kuua kuvu. Vikimwagika udongoni, vinaweza kuwadhuru hata kuvu wema wanaoisaidia mizizi kufyonza fosforasi.
5. Usichome majani makavu. Yaache yaoze, yawe mboji.
6. Weka chokaa ya kilimo kabla ya mvua, kwa kiasi kilichotolewa na maabara. Ikizidi, nayo hufunga madini kama zinki.
7. Unapopanda upya, uliza miche inayostahimili ubwiri unga, kazi ya watafiti wa Naliendele, Mtwara.

Mlinde mpuliziaji

Barakoa, miwani, nguo ya mikono mirefu. Asisimame upepo unakoelekea. Asioshee mashine kisimani.

Kumbuka

Kila msimu unaandika gharama ya salfa kwenye daftari. Chini ya mstari huo, andika mwingine: chokaa.