Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: "Na Nyinyi Je?"



Baada ya tarawehe, barazani, mmoja husema: "Skuli yetu watoto wanakaa chini." Wa chama cha pili hajibu habari ya skuli. Anauliza: "Na nyinyi je, mlipopewa wizara mlifanya nini?" Utaletwa uchaguzi wa 1995, utaletwa wa 2000, mpaka kahawa inapoa. Watoto bado wako chini.

Wazanzibari tulipiga kura ya maoni 2010, ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa, vyama viwili vikagawana wizara. Ndimi zetu bado hazijaungana.

Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi chama ni nini? Kosa la mwenzio halifuti lako.

Kulinganisha si vibaya, mpiga kura lazima apime. Lakini jibu kwanza, ndipo ulinganishe.

Zoezi la leo: chama chako kikilaumiwa, anza na "hilo kweli" au "hilo si kweli, kwa sababu hii". "Na nyinyi je" iache nyuma.

Allah azitakabali funga zetu na azitengeneze ndimi zetu. Amin.