Bakteria Wanaokula Mafuta

Dizeli ikimwagika kando ya mashine ya kusaga, majani hukauka. Je, udongo umekufa? Hata kidogo! Ndani yake mna bakteria, vijidudu tusivyoviona kwa macho, na baadhi yao hula mafuta. Wanahitaji hewa, unyevu na naitrojeni. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta huko Alaska, Marekani, mbolea ilinyunyizwa ufukweni ili bakteria hao wachape kazi. Sisi samadi tunayo, basi tuichanganye na udongo huo, tugeuze kwa jembe, tunyunyize maji kidogo. Tusubiri miezi, siyo siku. Lakini DDT ni sugu: bakteria huitafuna kwa miaka mingi. Hiyo tusiimwage shambani kamwe.