Mgeni wa Miaka Miwili

JUMANNE

Soma Yeremia 28:1–4 na 29:4–10. Hanania aliahidi nini kuhusu muda wa uhamisho, na Yeremia aliwaandikia wahamishwa nini? Tofauti hiyo ingebadilishaje maisha yao ya kila siku?

Hanania alitabiri kwamba utumwa ungekwisha ndani ya miaka 2. Lilikuwa neno tamu, nalo lilikuwa la uongo. Mtu anayetazamia kuondoka karibuni hafungui mizigo yake. Hajengi, hapandi, wala hajali jina la jirani. Bwana alitaja miaka 70, akawaagiza watu wake wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea mema mji ule ule uliowachukua mateka. Amani ya Babeli ingekuwa amani yao.

Mfikirie mgeni anayefika Mwanza kwa mkataba wa miaka 2, awe daktari, mwalimu au fundi. Ni rahisi kwake kuishi nyuma ya ukuta na geti, akihesabu miezi. Nje ya geti hilo wanaishi Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakurya, Wahaya na Wajaluo, pamoja na familia zenye asili ya India na Uarabuni. Wengi wao nao walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani. Asubuhi, salamu moja ya Kisukuma, "Mwangaluka", yaweza kufungua mlango ambao zawadi ya fedha haiwezi kuufungua.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mtaani ni kukaa na wafiwa msibani, kutoa mchango, na kumjulia hali mama muuza dagaa. Lakini kuna jembe zito zaidi, nalo ni kukubali kusaidiwa. Mgeni mwenye mshahara mzuri huzoea kutoa, na anayetoa siku zote hubaki juu ya wenzake. Soma Yohana 4:7. Yesu, akiwa mgeni Samaria, alianza kwa kuomba maji. Maji ya bomba yanapokatika, ndoo iliyoazimwa kwa jirani yaweza kuwa mwanzo wa urafiki.

Je, ukaribu huo hauwezi kuhatarisha imani? Tuseme jirani analeta sahani ya kambale, samaki asiye na magamba (Mambo ya Walawi 11:9–12). Soma Danieli 1:8–14. Danieli hakula kinyume cha dhamiri yake, wala hakuwadharau wenyeji wake. Aliomba kwa heshima, akapendekeza njia nyingine. Jirani Mwislamu, ambaye naye hali nguruwe, ataelewa upesi, na pengine siku nyingine ataleta sato.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye ufuo wa ziwa hili hili, kazi ya Waadventista ilianza Gendia, Kenya, mwaka 1906. Walioianza ni Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mzungu na Mwafrika, wote wawili walikuwa wageni kwa Wajaluo. Carscallen alijifunza Kijaluo hata akaandika sarufi yake. Kabla ya kusikilizwa, ilibidi wasikilize.

Mkataba unaweza kuwa wa miaka 2 kweli. Bustani ya mboga haihitaji hata nusu ya muda huo. Agizo la Bwana halikuwa kusahau Yerusalemu, bali kutoishi Babeli kama abiria kituoni. Kila anayetazamia mji wa Mungu ni mpitaji hapa duniani (Waebrania 11:13–16), na bado amewekwa mtaani kwa kusudi.

Tafakari: Ni jirani gani wa kabila, taifa au dini nyingine ambaye hujawahi kumwomba msaada wowote? Ni nini kinachokuzuia, na utaanza na jambo gani juma hili?