Baiskeli Ipo, Mbona Hawaipandi?

Hoja ya kuletewa baiskeli za pamoja hapa chuoni imerudi, na kila anayechangia anaanzia kwenye bei. Sawa, bumu tunalijua lilivyo. Lakini hebu tuangalie miji miwili iliyotutangulia.

Paris ilizindua Vélib' Julai 2007. Unachukua baiskeli kituo kimoja, unairudisha kingine, na aliyejiandikisha hakulipia nusu saa ya kwanza ya safari. Ila kilichobeba mpango, kwa maoni yangu, ni vituo kuwekwa takriban kila mita 300. Nitembee robo saa kuifuata baiskeli ya kunipeleka mwendo wa dakika kumi? Si bora niende kwa miguu tu!

Hata hivyo mlima uliwasumbua. Watu waliteremka na baiskeli kutoka Montmartre kwa raha zao, kupanda nazo hawataki. Vituo vya juu vikabaki vitupu, na magari yakawa na kazi ya kuzirudisha. Mwaka 2008 wakaanza kumpa dakika 15 za nyongeza anayeirudisha kituo cha mlimani.

Melbourne, Australia, walianza 2010, na mpango wao ukafikia baiskeli zipatazo 600. Huko sheria ya jimbo inamtaka mwendesha baiskeli avae helmeti tangu 1990. Sasa, uzuri wa baiskeli hizi ni kwamba hukupanga, umeiona, umepanda. Nani anatembea na helmeti kwenye begi? Zikauzwa za bei nafuu, baadaye zikawekwa za bure kwenye baiskeli zenyewe. Aliyewahi kuvalishwa helmeti ya bodaboda yenye jasho la abiria aliyeshuka anajua kwa nini bure haikutosha. Siyo helmeti peke yake, maana vituo navyo vilikuwa vichache, vimerundikana katikati ya jiji. Mwaka 2019 mpango ukafungwa.

Sisi wa ualimu tunajua mtoro haulizwi kwanza kama anaipenda shule. Anaulizwa anakaa wapi na anapita njia gani. Kwa hiyo dodoso la “unapenda baiskeli?” tuliache. Tuulizane: unatoka hosteli ipi, saa ngapi, kipindi chako kiko jengo gani? Na kile kilima cha maktaba, jioni baiskeli zote zikiwa zimeshuka, nani atazipandisha?